Nilivyomfuata Danieli, Kijana Aliyenyamaza

Niliondoka nyumbani kwetu, upande wa Makutupora, kwa sababu ya mjukuu wangu Danieli, wala si kwa sababu nyingine. Nasema mapema, kwa kuwa wako waliovumisha kwamba Bibi Debora anakwenda kutazama gari la moshi. Gari la moshi nimeliona, na nitalisema mahali pake. Lakini mtu wa umri wangu hafungi mzigo wakati wa upepo wa kiangazi ili akatazame moshi.

Ninyi akina mama wa darasa la kusoma ndio mlioniambia niandike. Mimi herufi nimezijua ukubwani, na mkono wangu ni mzito. Mkiona nimekosea, sahihisheni kimyakimya, msinicheke mbele ya watoto.

Mambo yalianza hivi. Danieli ni mtoto wa marehemu mwanangu wa kwanza, nami ndiye niliyemlea. Alipojua kusoma kuliko wenzake wote hapa, misheni ikamchukua akakae katika shule yao kubwa, nyuma ya milima ya Mpwapwa, ili naye awe mwalimu. Alikaa vizuri. Masika iliyopita rafiki yake aitwaye Samweli akachukuliwa na maji katika korongo, wakiwa wawili tu wakirudisha ng'ombe wa shule. Habari ya kifo ilitufikia, tukasikitika kama mtu anavyomsikitikia mtoto wa mwenziwe. Hatukujua kwamba tangu siku ile Danieli wetu hasemi.

Aliyetuambia ni Mwalimu Yona, kijana anayefundisha hapa kijijini, mwenye maneno mengi kama mnavyomjua. Alikuwa amekwenda Mpwapwa kuchukua vitabu. Siku aliyorudi hakuwa na maneno mengi. Alikaa uani kwangu akakataa hata uji.

"Bibi, mjukuu wako yu hai, lakini hasemi."

"Hasemi nini?"

"Hasemi neno. Ukimwita anakuja, ukimtuma anakwenda. Darasani hajibu. Chakula anakigusa tu. Walimu tukikusanyika kwa mafunzo kiangazi hiki, litakatwa shauri lake. Wengi wanataka arudishwe nyumbani. Wanasema akili zimemtoka."

Mafunzo hayo ni kawaida yao. Mavuno yakiisha, walimu wote wa vijijini huitwa kwenye shule kubwa, wakaongezewa kusoma, hesabu na namna ya kushika darasa.

Masima, mdogo wa marehemu mwanangu, alikuwapo akisuka kamba. Hakuinua hata macho. "Akirudi hivyo nitamfunga hii hii, nimpeleke kwa mganga. Asipopona, aende kwa wale wanaoandika watu wa kazi ya reli. Kule hawataki maneno ya mtu, wanataka mgongo."

Nilimwambia anyamaze, akanyamaza. Lakini nilijua hakusema lake peke yake. Kwetu mtoto aliyefuatwa na bibi yake akaletwa nyumbani, huyo ni mtoto. Aliyerudishwa na walimu kwa sababu ya akili, huyo ni kichaa mpaka kaburini. Hapewi ng'ombe kuchunga, hapewi binti wa mtu. Basi nikakata shauri: nitakwenda na Mwalimu Yona, nimchukue Danieli kabla walimu hawajatamka neno lao.

Tuliondoka alfajiri, upepo ukitupiga usoni, mashamba ya uwele yamebaki mabua matupu. Jioni tukafika Miyuji kwa wifi yangu, Nyendo, dada wa marehemu mume wangu. Tulisalimiana "Mbukwa, mbukwa" mpaka salamu zikaisha, za watu, za ng'ombe na za mvua ambayo haipo. Akatupikia ugali wa uwele na mlenda. Tulipokwisha kunawa ndipo akaufungua mdomo wake.

"Wifi, kweli unakwenda kuokota kichaa?"

"Nakwenda kumchukua mjukuu wa kaka yako."

"Mjukuu wa kaka yangu alikuwa anasema. Mimi nimesikia watu wa huko wanasema yule kijana ana jambo. Mwenziwe amekufa, yeye hakuonekana kilioni. Mtu asiye na jambo hufichwa?"

"Nani amesema amefichwa?"

"Watu."

"Ulimi huo huo ndio uliokutoa kwa mumeo," nikamwambia, naye akacheka, maana ni kweli na amekwisha kuzoea. Lakini mimi sikucheka. Lile neno la kufichwa nililala nalo.

Siku ya pili asubuhi tuliingia Dodoma. Wengi wenu hamjapaona tangu reli ifike. Yale majabali na miiba tuliyoyajua sasa yana nyumba za bati, maduka ya Wahindi, askari wa Mdachi na kofia zao, na watu wa kila namna waliokuja na kazi ya reli: Wanyamwezi, Wamanyema, watu wa pwani. Kijana mmoja wa pwani anayefanya kazi stesheni alinisalimu vizuri.

"Shikamoo, bibi. Unakwenda wapi?"

"Marahaba. Nakwenda Gulwe."

"Panda behewa la nyuma, lile lisilo na paa. Ukae katikati. Cheche zikikuangukia usipige kelele, zikung'ute tu."

Gari la moshi ni hivi: ni kelele, na ni vumbi, na ni kukaa juu ya mzigo wako ukitikiswa kama nafaka kwenye ungo. Mwalimu Yona alikuwa amejigamba njia nzima kwamba yeye amekwisha kulizoea. Tulipopita Ihumwa alikuwa anaeleza jinsi maji yanavyogeuka nguvu. Tulipopita Kikombo alikuwa ameshika ukingo wa behewa kwa mikono miwili, anatapika.

"Mwalimu," nikamwuliza, "na hili nalo unalifundisha?"

Mnyamwezi mmoja, mfanyakazi wa reli aliyekaa karibu nasi, akapaza sauti: "Bwana mwalimu, geukia kule upepo unakokwenda! Sisi nguo zetu ndizo hizi hizi!"

Behewa zima likacheka, na Yona naye akacheka huku machozi yanamtoka. Ndipo tulipoanza kuuona mto Kinyasungwe kando ya reli. Ulikuwa mchanga mweupe mtupu, na wanawake wamechimba mashimo katikati wanateka maji kwa vibuyu. Yona alifuta mdomo, akaniambia polepole.

"Hata korongo la shule lilikuwa hivyo siku ile, Bibi. Kavu. Jua linawaka. Mvua ilinyesha milimani, hapa hakuna aliyejua. Unasikia mngurumo, unadhani ni ng'ombe. Ukigeuka, maji yamesimama kama ukuta."

Nilitazama ule mchanga mpaka tukafika Gulwe. Sikupenda jinsi ulivyokuwa mzuri.

Kutoka Gulwe tulitembea kuelekea milima. Mpwapwa tulipita bila kukaa, kwa kuwa nilikuwa na haraka, na bomani pale sina ninayemjua. Mchana wa siku iliyofuata tukaiona shule: nyumba ndefu za matofali mabichi, zizi, kanisa, na chini yake korongo lenyewe. Siandiki jina la shule. Waliokosea pale walijisema wenyewe mbele yangu, na sitaki mtu mwingine awaseme.

Danieli nilimkuta anaziba pengo kwenye ua wa zizi kwa matawi ya miiba. Amekuwa mrefu, ndevu zimeanza, na mabega yamekonda. Nikamwita kama ambavyo bibi humwita mjukuu wake wa kiume: "Mume wangu!"

Siku zote alikuwa akijibu kwa utani, kwamba mke mzee namna hii hakumchagua yeye. Siku ile aliacha miiba, akaja, akapokea mzigo wangu. Akaniletea kigoda, akaniletea maji. Akakaa chini mbele yangu, akautazama mguu wangu uliopasuka kwa njia. Sikusikia neno. Mikono yake ilijaa miiba, wala haitoi.

Tulikaa nyumbani kwa Mwalimu Mkuu, Mzee Petro, mtu mzima aliyekuwa zamani akibeba mizigo ya misafara kabla ya kusoma. Mkewe, Marta, alininong'oneza jikoni kwamba Danieli hali na vijana wenzake. Hula tu akiwekewa bakuli pamoja na watoto wadogo ambao hawajajua kuuliza maswali.

Baada ya kula nilimwambia Danieli, "Nimekuja kukuchukua. Tunakwenda nyumbani."

Aliinuka mara moja. Alikwenda akarudi na blanketi lake limekwisha kukunjwa, akasimama mlangoni. Nilifurahi, nikadhani nimefaulu.

Mwalimu Petro akamwambia kwa upole aliweke blanketi chini. Kisha akanigeukia. "Bibi, humchukui kabla hatujakaa. Kesho walimu wanazungumza habari yake, nawe utakaa nasi."

"Mnataka kumtangaza kichaa mbele yangu?"

"Nataka wajifunze. Mwaka huu nimemwomba Bwana Padre tuache hesabu siku chache. Kijana mmoja amekufa maji, mwenziwe amenyamaza, wa tatu ametoroka hatujui aliko. Tukiendelea na hesabu tutakuwa tunahesabu mabenchi."

Asubuhi tukakaa katika darasa lao, walimu wa vijiji vyote kwenye mabenchi ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Nilipewa kiti. Danieli alikuwa nje na ng'ombe. Bwana Padre, yule Mzungu wa misheni, alikaa nyuma kabisa, akasema atasikiliza tu.

Mwalimu Petro aliwaambia, "Leo kila mmoja aseme alichokiona kwa macho yake juu ya kijana huyu. Asiseme anachodhani. Asiniambie ni mvivu. Uvivu sijauona ukipita njiani."

Mmoja akainuka. "Ana kiburi."

"Kiburi chake kina rangi gani?"

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Nawaambia haikuwa kazi rahisi kwao. Walimu wamezoea kusema mtoto ni hivi, mtoto ni vile. Kila aliyeinuka alianza na jina la tabia, Petro akamrudisha. "Ulimwona akifanya nini?" Mpaka wakaanza kuelewa. Mmoja akasema Danieli hukaa darasani ameupa mlango mgongo. Mwingine akasema hakanyagi korongo, hata sasa ambapo ni mchanga; akitumwa ng'ambo anazunguka mbali mpaka kwenye mawe ya juu. Mwalimu Elia, mwanamume mnene wa hesabu, akasema, "Mimi nilimchapa. Nilimwuliza swali, akanitazama tu. Nikamchapa tena. Hakulia. Nikasema kijana asiyelia ana dharau." Kisha akaongeza, hakuna aliyemwambia aongeze, "Alikuwa akinitazama kama mtu aliye mbali. Hilo nililiona. Niliona, nikachapa."

Mwingine akasema kwamba wageni wakija Danieli huenda nyuma ya nyumba.

"Wageni wote?" Petro akauliza.

Yule akafikiri. "Hapana. Wanaotoka upande wa Msagali."

Hapo Mwalimu Zakaria akainuka. Yeye anafundisha kijiji cha upande huo huo, alikozaliwa Samweli.

"Wakubwa, mimi nakaa na watu wa Samweli. Wanauliza mpaka leo. Walipokuja mazikoni, walimwuliza yule mwenziwe aliyekuwa naye. Mkasema ni mgonjwa, amelala. Kengele ikalia mchana, vijana wakarudi darasani, wao wakarudi kwao. Mama yake Samweli hajasikia habari ya mwanawe kutoka kwa aliyeiona. Anasema matanga yake hayajaanza, atayamalizaje?"

Mnajua kawaida yetu, lakini niandike kwa ajili ya watoto watakaosoma. Mtu akifa, kila anayefika kilioni huambiwa marehemu aliondokaje. Anayesimulia ni yule aliyekuwa naye mwisho. Anasimulia kwa wa kwanza, anasimulia kwa wa pili, anasimulia mpaka wote wamesikia. Mara ya kwanza sauti haitoki. Watu wanangoja. Mwishoni anaweza kusema na kula. Naye asiyetokea kusimulia, watu huhesabu kwamba ana jambo.

Mwalimu Petro alikuwa amefunika uso kwa mkono. "Mimi ndiye niliyemweka ndani," akasema. "Niliogopa ndugu wangemshika, wangedai ng'ombe wa fidia, kungekuwa na ugomvi, akida wa serikali angeitwa. Nikamfungia na watoto wangu. Alikuwa anasikia kilio kupitia dirishani. Nilisema namlinda."

Nami nilikuwa nimetoka Makutupora kuja kumficha mara ya pili. Lile blanketi nililolifurahia lilikuwa blanketi la mtu anayekimbia.

Nikasimama. "Basi haendi nyumbani nami. Aende kwa mama yake Samweli."

"Wakimdai ng'ombe?" Elia akauliza.

"Watadai. Kudai ni kusema naye."

Bwana Padre alikuwa na wasiwasi. Alisema boma halipendi mashauri ya damu vijijini, na akauliza kama isingetosha kumwombea kijana. Petro akamjibu kwa adabu kwamba wameomba tangu masika, na wataomba wakiwa njiani. Padre akasema, "Nendeni wote. Lakini asiburutwe."

Hapo alisema sawa. Danieli aliambiwa mchana ule, na Petro mwenyewe, mimi nikiwa pembeni. Aliambiwa kwamba kufichwa kwake kulikuwa kosa la wakubwa, na kwamba kuna mama anayemngoja. Hakujibu. Alirudi kwenye ua wake, akaendelea kuziba mapengo. Nilisema moyoni, basi, tumemkosa.

Kulipokucha alikuwa amesimama kwenye njia, fimbo mkononi.

Tuliondoka watu wengi, walimu wote, Bibi mmoja, na yeye. Njia ya kwenda Msagali inakata korongo. Alipofika ukingoni alisimama. Jasho lilimtoka, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Yona alitaka kumshika mkono, Petro akamkataza kwa jicho. Mwalimu Elia, yule aliyemchapa, alikaa chini ukingoni, miguu inaning'inia juu ya mchanga. Danieli akakaa kando yake. Basi sote tukakaa. Jua likapanda.

Baadaye sana Elia akauliza, bila kumtazama, "Ni hapa?"

Danieli akatikisa kichwa. Akainua fimbo, akaelekeza juu zaidi, penye mti wa mkuyu ulioinama.

"Pale," akasema.

Nilikishika kitenge changu nisitoe sauti. Elia naye hakufanya kelele. Alisema tu, "Pale," kama mtu anayepokea kitu mkononi. Wakatelemka wawili, wakavuka, sisi nyuma yao.

Nyumba ya mama yake Samweli ni tembe ya pande mbili, yenye ua mpana wa ng'ombe na ng'ombe wachache. Hatukuingia. Tulikaa chini nje ya mlango, walimu na viatu vyao, kama watu wanavyokaa kilioni, ingawa ni miezi tangu mtoto azikwe. Mama akatoka. Jina lake Matika. Ni mwanamke mfupi, kichwa amekinyoa. Alituhesabu kwa macho mpaka akamfikia Danieli, akajua.

Baba mdogo wa Samweli alikuwa amesimama mlangoni. "Leo ndiyo umepona?" akamwambia. "Ugonjwa wako ulikuwa mrefu, bwana mkubwa."

"Mwache," Matika akasema. Akakaa chini mbele ya Danieli, karibu hata magoti yakagusana. Akamwuliza kama inavyoulizwa: "Mwanangu aliondokaje?"

Danieli alifungua mdomo, sauti haikutoka. Alijaribu tena. Matika alingoja. Mimi nilikuwa nataka kusema kwa ajili yake, na ninawaambia ilinibidi niume mdomo. Mara ya tatu maneno yakaanza, moja, kisha jingine, kama mtu anayetoa mawe shambani.

Alisema ng'ombe walikuwa wamekwisha kuvuka. Ndama mmoja alibaki nyuma, na ndama huyo alikuwa zamu yake yeye, Danieli. Alikuwa amechoka, akasema atarudi kumchukua. Samweli akamcheka, akamwita mzee, akarudi yeye. Walisikia mngurumo. Samweli alikuwa karibu na ukingo, akamsukuma ndama mbele, akamrushia Danieli kamba, akasema, "Shika huyu." Danieli akashika. Alipoinua macho hakukuwa na mtu.

"Nilishika kamba," akasema. "Sikushika mkono."

Baba mdogo alitazama pembeni. Walimu wengine walikuwa wanalia waziwazi.

Matika hakulia bado. Alikuwa na swali lake. "Alikuwa amekula siku ile?"

Danieli akashangaa. "Alikula. Asubuhi palikuwa na kiporo. Changu nilimpa nusu, kwa kuwa alikuwa anasema ana njaa."

"Alikula akashiba?"

"Alishiba. Aliimba."

Ndipo yule mama akalia, kilio cha kufungua matanga, na wanawake wa nyumba za jirani wakasikia wakaja mbio, na kila aliyefika akauliza, na Danieli akasimulia tena. Mpaka jua linakwenda kutua sauti yake ilikuwa imekauka, lakini ilikuwa sauti ya mtu.

Baba mdogo aliuliza habari ya ndama. Danieli akasema yu hai, amekua. Palikuwa na maneno kidogo juu ya ndama huyo, kama wanaume walivyo. Matika akawakata. "Ndama mtajua wenyewe. Mimi namtaka huyu arudi. Dada zake Samweli wameolewa mbali, hawajasikia. Shangazi yake hajasikia. Atawaambia yeye, si mtu mwingine."

Hivyo ndivyo nilivyomkosa mjukuu wangu. Nilikwenda kumchukua, nikamkuta ana kazi.

Siku zilizobaki walimu walizungumza sana pale shuleni, na mengine sikuyafuata. Nililolielewa ni hili, nanyi wazazi mlijue, maana mtawaona walimu wenu wamerudi na mambo mapya. Shule ikifiwa, kengele ya masomo hailii siku hiyo. Aliyekuwa karibu na marehemu hafichwi, anakaa na wafiwa, na mwalimu mmoja anakaa naye. Mtoto aliyenyamaza hachapwi kwanza. Anatazamwa kwanza, na mzazi wake anaitwa aulizwe. Wengine walibisha. Mmoja alisema tukianza kuuliza kila anayenuna, hatutafundisha hata herufi moja. Petro hakumkatalia. Alimwambia tu, "Haya. Nenda nayo hivyo hivyo, ukibisha. Lakini uulize."

Mimi niliulizwa kama Danieli ni mgonjwa au la. Nilisema sijui jina la hali yake, na sidhani imekwisha. Nilimwona siku mbili baada ya Msagali amekaa na bakuli lake kimya, uso umerudi kule mbali. Marta akamwita kwa jina, akaja polepole. Watu wasidhani kilio kimoja kinamaliza. Kilichobadilika ni kwamba sasa wako wanaojua mahali alipo, na wanajua njia ya kumfikia.

Safari ya kurudi tulipanda gari la moshi Gulwe, Yona na mimi, na pamoja nasi Danieli na Mwalimu Elia, kwa sababu yule shangazi wa Samweli anakaa karibu na Kikombo. Danieli alikaa kando yangu. Hakusema mengi. Aliniuliza kama kisima chetu kina maji, nikamwambia kidogo. Akaniuliza kama Baba Masima ana hasira. Nikamwambia ana woga, na kwake ni kitu kile kile.

Kikombo gari lilisimama kwa muda mfupi. Walishuka wawili. Palikuwa na mwanamke anauza ubuyu kando ya reli, na kabla Elia hajafungua mdomo nilimsikia Danieli akimsalimu na kumwuliza njia. Mwanamke akamwelekeza kwa kidole, naye akauliza tena ili ahakikishe. Gari likaondoka wakiwa wanatembea.

Miyuji sikulala. Nilimwambia wifi yangu mlangoni kwamba kijana alifichwa kweli, na waliomficha ni wakubwa. Akasema, "Si nilikwambia?" Nikapita.

Nyumbani nilimkuta Masima uani. Alitazama nyuma yangu, akaona niko na Yona tu.

"Yuko wapi?"

"Nimemwacha kwa wafiwa wenziwe."

"Amepona?"

"Anasema. Siku nyingine hasemi."

Akachokoa udongo kwa kidole cha mguu. Nilimweleza yote, korongo, mama, kamba ya ndama. Aliposikia habari ya kamba, akaitazama ile aliyokuwa ameisuka yeye, akaisukuma kando.

"Atarudi lini?" akauliza.

"Akimaliza kusimulia. Na akija, asikutwe na mganga hapa, wala mtu wa reli. Wewe ndiwe baba yake sasa. Utakaa chini mbele yake, umwulize Samweli aliondokaje, kisha ungoje. Hata kama sauti haitoki, ungoje."

Alifikiri sana, kwa kuwa si mtu wa kungoja.

"Nitauliza," akasema.

Nimeandika haya ili nanyi, siku atakapopita kwenu, mjue kuuliza.